Je, kukariri mizizi ya Kigiriki na Kilatini kunamsaidia kweli mtu kujua maneno ya Kiingereza, au tunajidanganya?

#1 Kalamu Butu (mleta mada)

Salaam wanajamvi.

Kwa muda wa miezi minne nimekuwa nikikariri mizizi ya Kigiriki na Kilatini iliyomo ndani ya maneno ya Kiingereza, baada ya kuaminishwa kwamba mtu akishaimudu mizizi 200 hivi, maelfu ya maneno yatamfungukia yenyewe. Daftari langu sasa lina mizizi 180. Ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia kwamba “bio” ni uhai, “port” ni kubeba, “scrib” ni kuandika na “spect” ni kutazama, tena bila kusita. Hata hivyo, juma lililopita nilisoma makala ya kurasa tatu, nikapigia mstari maneno 11 nisiyoyajua, na mizizi yote hiyo ikanifaa kwa maneno mawili tu.

Lililoniumiza zaidi ni “egregious”. Nililipasua kama nilivyofunzwa: “e” ni nje, “greg” ni kundi, kwa hiyo ni kitu kilichojitoa katika kundi. Mwandishi alikuwa akizungumzia kosa la mhasibu fulani, nami nikaelewa kwamba ni kosa la nadra, hata nikamwonea huruma huyo mhasibu. Kamusi ikaniambia kwamba ni kosa baya la kupindukia, la kutia aibu. Naomba kuuliza: kasoro imo katika njia yenyewe au katika kichwa changu?

#2 Msoma Kamusi

Kichwa chako ni kizima, ila umeanzia mwisho. Mzizi haukaririwi peke yake kana kwamba ni neno. Huokotwa kutoka katika maneno ambayo mtu tayari anayatumia.

Chukua huo huo “spect” na ujiulize kila neno linatazama kutoka upande gani. “Inspect” ni kutazama ndani, ndiyo kukagua. “Respect” ni kugeuka na kumtazama mtu tena, kwa kuwa anastahili kutazamwa mara ya pili. “Suspect” ni kutazama kwa chini chini, lile jicho la mtu asiyeamini anachokiona. Ukishayazoea hayo, ndipo uende kwa yale yaliyojificha. “Despise” ni kumtazama mtu ukiwa juu yake, yaani kumdharau, na hapo mzizi umebadilika sura. “Auspicious”, lenye maana ya dalili njema, limembeba ndege ndani yake, kwa sababu Warumi walikuwa na makuhani waliotazama jinsi ndege wanavyoruka kabla ya jambo kubwa kuamuliwa. “Avis” ni ndege kwa Kilatini. Na “expect” ni kutazama nje, kama mtu aliyesimama mlangoni akimngoja mgeni. Herufi “s” imemezwa na “x”. Naweza kuapa kwamba daftari lako halijaliweka neno hilo chini ya “spect”.

#3 Ulimi Mzito

Mizizi 180 bila jani hata moja! Hapo hujapanda mti, ndugu yangu, umechimba shimo tu.

#4 Muuguzi wa Zamu

Naona mnaitupia njia hii lawama isiyostahili. Kwangu mimi bila mizizi nisingemaliza mwaka wa kwanza wa masomo ya uuguzi. Mtu akijua kwamba “-itis” ni uvimbe unaoambatana na maumivu na joto, na kwamba “-ectomy” ni kukata kiungo na kukiondoa, basi amebakiwa na kazi ya kujifunza majina ya viungo tu: “hepat” ni ini, “nephr” ni figo, “gastr” ni tumbo, “derm” ni ngozi. Nilikuwa nikikutana na istilahi ndefu nisizowahi kuziona na kuzisoma kama mtu anayesoma anwani.

Nikiri pia kwamba mizizi hiyo hiyo iliwahi kuniaibisha. Katika zoezi la darasani tulipewa mgonjwa wa kubuni mwenye “hypoglycaemia”. Neno hilo lina vipande vitatu, yaani chini, utamu na damu, maana yake sukari ya damu imeshuka, na mgonjwa wa namna hiyo huhitaji sukari haraka. Mimi kwa papara nikasoma “hyper”, ambayo ni juu, nikampa insulini, ambayo huishusha sukari zaidi. Mkufunzi hakusema neno. Alichukua kalamu, akaandika tarehe na saa ya kifo pembeni ya jibu langu, akanirudishia karatasi. Tangu siku hiyo sijawahi kuzichanganya “hypo” na “hyper”.

Nadhani tofauti yangu na mleta mada ni kwamba istilahi za tiba ziliundwa makusudi na wataalamu waliojua wanachokiunganisha, kwa hiyo maana zake hazijapata muda wa kutangatanga.

#5 Mtafsiri Mstaafu

Kwa heshima zote kwa mchangiaji wa #4, istilahi za sayansi nazo hutangatanga, au tuseme hubaki pale pale wakati sayansi yenyewe imeondoka. “Oxygen” ilipewa jina na mkemia Mfaransa Lavoisier katika karne ya 18 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kizalisha asidi, kwa sababu aliamini kwamba kila asidi lazima iwe na oksijeni. Leo tunajua kwamba asidi hidrokloriki haina oksijeni hata chembe. “Atom” ni kisichokatika, na tumekikata. “Malaria” ni hewa mbaya kwa Kiitaliano, ilhali mwenye hatia ni mbu. “Artery” inatokana na neno la Kigiriki walilolihusisha na hewa, kwa sababu mishipa hiyo ilikutwa mitupu katika maiti, ikadhaniwa kwamba hupitisha pumzi. “Vaccine” ina ng'ombe ndani yake, “vacca”, kwa kuwa daktari Mwingereza Edward Jenner mwaka 1796 alitumia ugonjwa wa ndui ya ng'ombe kumkinga mtoto na ndui ya watu. Leo chanjo nyingi hazihusiani na ng'ombe kwa namna yoyote.

Kwa hiyo mzizi unakueleza alichokuwa akikifikiri yule aliyelitunga neno. Haukuelezi neno linamaanisha nini leo. Ndiyo yaliyompata mleta mada. “Egregious” hapo zamani ilikuwa sifa njema, ya mtu aliyejipambanua na kundi kwa ubora wake, kisha watu wakaitumia kwa kejeli na kejeli ikashinda. Tafsiri yako haikuwa ya kijinga, Kalamu Butu. Ilichelewa karne kadhaa. “Nice” nayo imetoka kwa “nescius”, asiyejua kitu, na ikapanda cheo hadi kuwa sifa. Katika miaka yangu yote ya kutafsiri nimeutumia mzizi baada ya kufungua kamusi, ili neno lisinitoroke. Sijawahi kuutumia mahali pa kamusi.

#6 Kichuguu

Mimi hadithi za maneno ndizo zinazonisaidia kukumbuka, wala si orodha. Kwa mfano “salary” inatokana na “sal”, yaani chumvi, kwa sababu askari wa Kirumi walilipwa mshahara wa chumvi. Na “sincere” ni “sine cera”, bila nta, kwa kuwa wachongaji wadanganyifu walikuwa wakiziba nyufa za sanamu kwa nta. Nani atasahau?

#7 Msoma Kamusi

Hakuna atakayesahau, na hilo ndilo tatizo lake. Uhusiano wa “salarium” na “sal” upo kweli, lakini hakuna mwandishi wa kale anayesema kwamba askari walilipwa chumvi badala ya fedha. Hilo ni jaribio la watu wa baadaye la kuuelezea uhusiano huo. Ile ya nta ni ngano tupu. “Sincerus” kwa Kilatini ilikuwa safi, isiyochanganywa na kitu.

#8 Kichuguu

Nimesahihishwa, asante. Ila maana ya “sincere” nimeikumbuka kwa miaka mingi kwa sababu ya uongo huo, na uongo uliofanya kazi hivyo nitauacha kwa shingo upande.

#9 Mwalimu wa Jioni

Mjadala umejikita katika maana, wakati faida kubwa niliyoiona kwa wanafunzi wangu, ambao ni watu wazima, ni katika tahajia. Hakuna neno walilokuwa wakilikosea kama “accommodate”. Wengine huweka “c” moja, wengine “m” moja, na wapo wanaoziandika zote mbili mbili kisha wakafuta moja kwa mashaka. Siku moja niliacha kuwasahihisha, nikaandika ubaoni maneno mawili ya Kiswahili: ulimi, ubao. Nikawauliza wingi wake. Wakasema ndimi, mbao. Nikauliza mbona hawakusema “nlimi” na “nbao”. Wakacheka, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kuna jambo la kueleza hapo. Kinywa chenyewe kinakataa.

Basi kinywa cha Mrumi nacho kilikataa. Kiambishi chake “in” cha kukanusha kilipokutana na “p” kikawa “im”, tukapata “impossible”, sawasawa na sisi tunavyopata mbao. Kilipokutana na “l” kikawa “il”, tukapata “illegal”. Tofauti ni kwamba kwetu “l” ndiyo iliyokubali kugeuka “d”, kwao “n” ndiyo iliyojisalimisha. Na “ad”, yenye maana ya kuelekea, hujisalimisha kwa karibu kila konsonanti inayokutana nayo: “accept”, “affirm”, “allocate”, “announce”, “appear”, “assist”, “attract”. Zile herufi pacha zinazowatesa wanafunzi ni makaburi ya viambishi vilivyomezwa. “Accommodate” ni “ad” na “com” na “modus”: kaburi la kwanza limeacha “c” mbili, na “m” ya “com” imekutana na “m” ya “modus”. “Disappear” ina “s” moja kwa sababu “dis” imeishia hapo na “appear” imeanza na vokali, lakini ina “p” mbili kwa sababu “appear” ina “ad” yake iliyomezwa. “Recommend” ina “c” moja kwa sababu kabla yake ipo “re”, ambayo haimezwi na mtu.

Mwanamke mmoja aliyekaa nyuma, ambaye kwa kawaida hazungumzi, aliniambia kwamba miaka yote alidhani Waingereza huziweka herufi mbili kwa ajili ya mapambo. Baada ya hapo sijaliona kosa la “accommodate” katika madaftari yao, ingawa maana ya neno hilo wengine wao bado wanaikosea.

#10 Ulimi Mzito

Somo zuri, mwalimu, lakini waulize pia Waingereza wenyewe kuhusu “debt”. Neno hilo liliingia kutoka Kifaransa bila “b” yoyote, kisha wasomi wakakumbuka “debitum” ya Kilatini, wakaipachika “b” ili neno lionekane limesoma. “Doubt” likafanyiwa vivyo hivyo. “Island” lilionewa zaidi, kwa maana halikuwa na undugu wowote na “insula”, kisiwa kwa Kilatini. Lilipewa “s” kwa kufananishwa tu na “isle”. Kwa hiyo nusu ya matatizo yetu ya tahajia yameletwa na watu waliopenda mizizi kama ninyi.

#11 Bint Karatasi

Nashangaa hakuna aliyesema kwamba sisi wazungumzaji wa Kiswahili mchezo huu tunaujua tangu utotoni. Chukueni konsonanti h, k na m za Kiarabu: hakimu, hukumu, mahakama, hekima. Chukueni k, t na b: kitabu, katibu, maktaba, mkataba, kutubu. Mtu anayeona ukoo huo hashindwi kuuona ukoo wa “scribe”, “script”, “describe” na “manuscript”.

Zaidi ya hayo, Kigiriki tunacho nyumbani, ila kimekuja kwa mlango wa Kiarabu. Falsafa ni “philosophia”, upendo wa hekima. Ukiikumbuka hiyo, “philanthropy” haikushindi, kwa kuwa ni kuwapenda binadamu. Injili ni “euangelion”, habari njema, na ile “eu” ya wema ndiyo iliyomo katika “eulogy”, maneno mazuri anayosemewa marehemu. Karatasi ilikuwa “khartes” kwa Wagiriki, na kwa njia ya Kilatini mzizi huo huo umewapa Waingereza “card”, “chart” na “carton”. Kwa nini mleta mada akariri kama mgeni kitu ambacho anakiandikia kila siku?

#12 Mtafsiri Mstaafu

Bint Karatasi, yote ni mazuri isipokuwa “kutubu”. Hiyo “ku” ni kiambishi chetu cha kitenzi. Shina ni “tubu”, na ndugu yake ni toba, ukoo mwingine kabisa wa Kiarabu. Umeziona herufi k, t na b zimepangana ukaona familia.

#13 Bint Karatasi

Nimetubu.

#14 Fundi Pampu

Kosa hilo la #11 linanikumbusha jambo. Nilipoanza kazi nilikuta pipa limeandikwa “inflammable”. Nilikuwa nimetoka kujifunza kwamba “in” hukanusha: “invisible” ni kisichoonekana, “incorrect” ni kisicho sahihi. “Flame” naijua. Nikahitimisha kwamba kilichomo ndani hakishiki moto, nikaenda kuchomelea chuma hatua chache kutoka hapo. Mwenzangu mmoja alinivuta mkono kabla sijawasha, na maneno aliyonitolea hayana asili ya Kigiriki wala Kilatini. “In” ya neno hilo ni ya kuingiza, kutoka “inflammare”, kuwasha moto. Ndiyo sababu lebo nyingi siku hizi huandika “flammable”.

Wapo wengine wa aina hiyo. “Ped” ya “pedestrian” ni mguu wa Kilatini, lakini “ped” ya “pediatrics” ni mtoto wa Kigiriki, na Waingereza wakiandika “paediatrics” wanakutendea hisani. “Homo” ya “homicide” ni mtu, ya “homogeneous” ni sawa. Na helikopta msiikate katika “heli” na “copter” kama wengi wanavyodhani; ni “helico”, kizunguko, na “pter”, bawa.

#15 Karani

Naomba kupinga kutoka upande mwingine. Hata ukiijua mizizi yote bila kosa, utajua Kiingereza cha karatasi tu. Nilipoanza kazi ya ofisini niliandika “tolerate”, “postpone” na “extinguish” kila mahali, kwa kuwa mizizi yake nilikuwa nayo. Mkubwa wangu alisema barua zangu zinasomeka kama hati za mirathi. Wenzangu walisema “put up with”, “put off”, “put out”, na mimi niliyeijua “ponere” ya Kilatini, yaani kuweka, nilikaa mkutanoni nikijiuliza ni kitu gani hicho wanachokiweka kila wakati na wanakiweka wapi. Maneno ya kila siku ya Kiingereza, kama maji, mama, nyumba, kula, kulala na kwenda, ni ya asili ya Kijerumaniki, ukoo mmoja na Kijerumani. Haya makubwa yaliletwa na Wanormani, watu kutoka Ufaransa walioiteka Uingereza mwaka 1066, na yamebaki kuwa ya wakubwa.

#16 Mwalimu wa Jioni

Nakubaliana nawe kuhusu barua, ila 1066 imebebeshwa mzigo usio wake wote. Wanormani walileta Kifaransa, na maneno yao yalikuwa yamekwisha kuchakaa njiani kiasi kwamba mzizi hauonekani tena. Maneno mengi yenye mizizi inayoonekana vizuri yaliingizwa baadaye na wasomi, hasa katika karne za 16 na 17, moja kwa moja kutoka vitabu vya Kilatini na Kigiriki. Ndiyo maana kuna mapacha wasiofanana: “frail” na “fragile” wote ni watoto wa “fragilis”, chenye kuvunjika upesi, lakini wa kwanza alipitia Ufaransa akachujuka, wa pili alikuja na sura ya baba yake. “Count” na “compute” ni vivyo hivyo. Njia ya mizizi inamkamata mmoja na kumpita mwenzake.

#17 Kalamu Butu (mleta mada)

Nawashukuru wote. Nimefanya jaribio kabla ya kurudi hapa. Nilichukua makala nyingine, nikapata maneno tisa nisiyoyajua, na safari hii nikaandika dhana yangu kwanza, kisha nikafungua kamusi. “Circumspect” nililipata barabara: kutazama pande zote, kwa hiyo mtu mwenye tahadhari. “Subterfuge” nililiona kama kukimbia chini kwa chini, na kamusi ikasema hila ya kukwepa, nikajipa nusu. “Preposterous” lilinichekesha, kwa sababu ni mbele na nyuma zimewekwa kwa pamoja, kitu kilichogeuzwa kinyumenyume, na maana yake ni upuuzi mtupu. Hilo sikulibahatisha, lakini sidhani kama nitalisahau. Sita yaliyobaki hayakuwa na mzizi wowote ninaoujua, na mawili kati ya hayo yalikuwa mafupi kuliko jina langu.

Kwa hiyo Msoma Kamusi ananiambia nianze na maneno ninayoyajua, Mtafsiri ananiambia nianze na kamusi, Muuguzi aliniambia mizizi inatosha ila niwe macho, na Karani anataka niyaache makubwa yote. Daftari sijalichoma. Nimeanza upya ukurasa wa kwanza, na chini ya “spect” nimeandika “expect” kwa wino mwekundu.

#18 Karani

Sikusema uyaache. Nimesema usiyaandike kwenye barua.

#19 Ulimi Mzito

Kabla hamjaendelea, nina neno moja lisilo na Kigiriki wala Kilatini, na vipande vyake viwili kila anayeanza Kiingereza anavijua katika wiki ya kwanza: “under” ni chini, “stand” ni kusimama. Nimesimama chini ya neno hilo kwa miaka mingi. Mwenye daftari la mizizi 180 anieleze kuelewa kumeingiaje hapo.